Gari Lililovalishwa Blanketi

Shemeji yangu Manyanda alipokuwa kijana asiye na ndevu alitoka Kwimba kwa miguu hadi bonde la Rukwa, nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Alilala walipolala ng'ombe, akanywa walipokunywa, na mto ukiwa umejaa alishika mkia wa dume akavuka. Mtu huyo huyo, mvi zilipomwingia, alikaa masika karibu yote akishindwa kutoka nje ya uwanja wake pale Kasansa. Miguu alikuwa nayo, nauli alikuwa nayo. Aliyemfunga ni gari lake mwenyewe, au tuseme rangi ya gari lake. Na humo kifungoni aliingia pamoja na dada yangu, wakati mama yetu yuko kitandani anamwita.

Nasimulia kwa hasira na sitajifanya vingine. Mimi ni Theopista, fundi cherehani wa Ilembo hapa Mpanda. Tereza, mke wa Manyanda, ni dada yangu wa kunifuata kwa juu. Mama yetu aliishi kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki na nafasi na subira, ingawa subira yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Lazima niseme ukweli kuhusu Manyanda kabla sijamchambua: gari alilinunua kwa mapenzi. Tereza aliteleza kisimani akavunjika nyonga, na nyonga ikaunga vibaya. Tangu hapo kupanda bodaboda hakuwezi. Akipandishwa, anashushwa analia. Kwa mtu wa Kasansa, asiyepanda bodaboda ameshakuwa mti. Kanisani akaacha kwenda, mnadani akaacha, kwa mama huku Mpanda akaacha. Manyanda akamwangalia mkewe akichakaa pale kibarazani, na wakati huohuo malisho yanazidi kupungua, kila upande ni shamba la mtu au mpaka wa hifadhi, na wataalamu wanapita wakihimiza watu wapunguze mifugo. Akapunguza. Akauza sehemu kubwa ya zizi, pamoja na majike aliyoyalea tangu ndama, akasafiri hadi Dar es Salaam, akarudi na pikapu mpya ya milango minne, rangi ya damu ya mzee.

Hakuchagua rangi ile kwa bahati. Alikuwa na jike moja la rangi hiyo, mama wa nusu ya zizi lake, na naye alikuwa ameuzwa. Manyanda alimpitishia Tereza mkono kwenye boneti akasema, "Mama Malale, hii ndiyo miguu yako. Na hawa ndio ng'ombe zetu wote, wamelala humu." Malale ni mtoto wao wa kwanza, yuko Mwanza na maisha yake.

Basi mtu akishaona ng'ombe zake wote wamelala kwenye bati moja, utamwambia nini kuhusu mkwaruzo? Kila alama aliiona kama kidonda mgongoni mwa mnyama.

Aliyemuuzia gari alimpa mafunzo. Vumbi usilifute kwa kitambaa kikavu, maana vumbi ni mchanga na mchanga ni msasa. Mwagia maji kwanza. Sabuni ya kufulia usitumie. Kinyesi cha ndege kioshe kabla hakijakauka. Na kila mara paka nta ya magari, rangi isichomwe na jua. Manyanda aliyashika yote kama katekisimu. Njiani tu, alipovuka hifadhi ya Katavi kurudi kwake, alijitenga na malori ya mpunga kwa umbali mkubwa, yasije yakamrushia kokoto, hata akachukua nusu siku kwa safari ambayo wenzake huimaliza kabla chai haijapoa kwenye chupa.

Nta ikaisha. Kasansa dukani hakuna, na kuifuata Mpanda ni kulipeleka gari tena kwenye kokoto. Manyanda akafikiri kama anavyofikiri mfugaji. Ni kitu gani maisha yake yote kimezuia jua lisipasue ngozi? Ngozi ya mtoto mchanga, ngozi ya ngoma, kamba ya kufungia ndama, vyote vilipakwa samli, na vikadumu. Akachukua kibuyu cha samli, akalipaka gari lote, paa hadi milango, akalisugua kwa kiganja. Tereza anasema lilimetameta hadi kuku wakawa wanajiangalia. Manyanda akaridhika, akaingia ndani kunywa uji.

Ndama wanajua harufu ya maziwa popote ilipo. Alipotoka aliwakuta wamelizunguka gari wanalilamba, mmoja amefika mpaka kwenye boneti kwa miguu ya mbele. Na ulimi wa ndama, juu ya samli iliyoshika vumbi, ni zaidi ya msasa. Milango miwili na boneti vilibaki na miduara miduara, na kwato zikaacha mistari. Mwanamume aliyepigana na fisi kwa rungu alikaa chini akashika kichwa.

Ndipo nikaitwa.

Nilikwenda Kasansa wakati majaruba ya mpunga yameshavunwa na ardhi imekauka hadi inapasuka. Nilimkuta Manyanda amelijengea gari zizi lake, duara la matawi ya miiba, yeye amekaa mlangoni kwenye kigoda na fimbo mapajani. Mti wa kivuli pale uwanjani ulikuwa umekatwa, kwa kosa la kukaribisha ndege. Kuku walikuwa wamefungiwa. Watoto wa jirani wakija kusalimia walisalimia kutoka mbali, maana vifungo vya mashati vinakwaruza.

"Mwangaluka, shemeji," nikamwamkia. "Huyu mke mdogo uliyemuoa anaitwa nani?"

"Wee Theopista, cheka tu. Umekuja na futi?"

"Nimekuja nayo. Nimpime kiuno kwanza au kifua?"

Alitaka kanzu. Blanketi zito kwa nje, flana laini kwa ndani, lifunike mbavu zote, liwe na matundu ya vioo na mikono ya kuvalisha vile vioo vya pembeni, na lifungwe kwa kamba ili gari liweze hata kutembea limevaa. Nililipima kama bibi harusi. Tereza kibarazani alicheka hadi akaomba msamaha kwa nyonga yake. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, mimi kwenye gari hilo nimepanda kwenda kanisani mara moja."

"Kwa nini?"

"Siwezi kupanda bila kuegemea mlango, na mkongojo wangu una ncha. Siku ile alinitandikia kitenge mlangoni, nikapanda. Tulipofika kanisani watu wakalizunguka, wakaligusa. Tangu Jumapili hiyo anasema tungoje watu walizoee."

Macho hayana pazia, nikamwambia, watu wataangalia hata akilificha. Ila nilishona. Kazi ni kazi, na nilidhani kanzu itamtoa shemeji yangu kwenye kigoda. Siku ya kulivalisha, nusu ya Kasansa ilikuja kutazama gari lililovaa blanketi la kijivu, na Manyanda mwenyewe kwa mara ya kwanza akacheka. "Wabeja, shemeji," akanishukuru. "Sasa tutakuja mpaka kwa mayu." Mayu ndiye mama kwa lugha ya kwetu. Tereza akashika mkono wangu akaubana.

Sasa nieleze njia, maana bila njia hutaelewa.

Zamani, ng'ombe wa Manyanda waliingia kwenye mpunga wa jirani yake, Severini, Mpimbwe mzaliwa wa palepale. Watu walitoka na mapanga na fimbo, na kama si wazee wa kijiji pangezikwa mtu. Wazee wakakata shauri: Manyanda apande ua wa michongoma pande zote mbili za njia ya ng'ombe, kutoka uwanja wake hadi barabarani, mifugo ipite katikati bila kugusa mpunga. Ua huo usikatwe na mtu. Manyanda aliupanda kwa mikono yake, akaumwagilia, na amani ikakaa. Severini na yeye wakawa wanasalimiana vizuri tu, kila mmoja upande wake. Ua ukakua ukawa ukuta. Ng'ombe wanapita. Mkokoteni unapita. Gari linapita pia, lakini michongoma inalichana huku na huku tangu mwanzo wa njia hadi mwisho.

Gari lilipokuja halikupita humo. Kiangazi majaruba yanakuwa makavu na mapana kama uwanja wa mpira, na Severini alimruhusu akatize. Hata ile Jumapili ya kanisani alikatiza. Kisha mvua zikaanza. Majaruba yakajaa maji, Severini akapanda mpunga, na Manyanda akajikuta uani na gari lake, mbele yake ikiwa imebaki njia moja tu, ile aliyoiziba mwenyewe kwa miiba. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Nilimwambia kwa simu, "Shemeji, mwombe Severini mpunguze matawi."

"Theopista, wewe hukuwepo siku ile ya mapanga. Nikiugusa ua ule, nimeyaamsha. Nimeshakula kiapo mbele ya wazee."

"Basi pita, likwaruzike."

Akasema, "Subira yavuta heri. Mvua zitakatika."

Akawa anakaa pale. Asubuhi analivua gari kanzu, analikagua, analivisha. Mchana anakaa kwenye kigoda. Wenzake wakimwita kwenye vikao hatoki, nani ataliangalia gari? Ng'ombe wachache waliobaki wanachungwa na mtu wa kuajiriwa, na Manyanda, aliyezijua nyasi zote za bonde lile kwa nyayo zake, akawa anauliza habari za malisho kama mgeni. Tereza aliniambia kuwa hata usingizini anasema, "Sogea, utaligusa." Nilicheka niliposikia hilo. Nilikuwa bado nacheka kipindi hicho.

Mvua zikiwa zimekolea, mama akaanguka. Kwanza ilikuwa homa, kisha mapafu. Hospitali wakamtibu wakaturudisha nyumbani, wakasema ni uzee sasa, mumuweke karibu. Mama alikuwa na akili zake zote. Kila aliposikia mlango unafunguliwa aliuliza, "Ni Tereza?"

"Si Tereza, mama. Ni mimi."

"Tereza anakuja na gari," alisema. Aliwaambia majirani wote. Alikuwa anajivunia mkwe mwenye gari.

Nikampigia simu Manyanda. Nikamwambia, mama anamtaka mwanawe, usichelewe. Akasema, "Nimesikia, shemeji. Hapa jua limeanza kuonekana. Majaruba yakishuka kidogo tu, nakatiza." Majaruba ya mpunga uliosimama! Hata Severini angekubali, gari lingezama hadi madirishani. Alijua hivyo kuliko mimi.

Nikasema, "Basi mweke Tereza kwenye mkokoteni, umpeleke polepole mpaka barabarani. Apande basi."

Hapo akakasirika. "Mke wangu apande mkokoteni wa ng'ombe, na gari jipya liko uani? Kasansa nzima itanicheka. Na ile nyonga?"

"Basi lete gari!"

"Ngoja kwanza."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilipiga kila siku. Siku moja jua, siku moja wingu. Siku moja anaongeza safu ya pili ya blanketi ubavuni. Siku moja anatafuta ngozi za ng'ombe azining'inize juu ya blanketi. Tereza alikuwa amefunga kikapu chake, vitenge viwili na dawa, kimekaa mlangoni. Alimwomba kwa upole, kisha alimwomba kwa ukali, kisha akaacha kuomba. Nilimwuliza, kwa nini usipige kelele majirani waje? Akanijibu, "Nipige kelele niseme nini? Kwamba mume wangu anapenda gari? Nimeshakuwa kama mzigo wa mahindi, mdogo wangu. Unakaa unapowekwa."

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Dada yangu zamani alikuwa anabishana na madalali wa ng'ombe hadi wanamkimbia.

Asubuhi moja mama hakuuliza tena ni nani mlangoni. Pumzi ilikuwa fupi. Nikampigia Manyanda, safari hii nilimtukana. Sitayaandika niliyosema. Nadhani ndiyo yaliyomwinua, kwa sababu alisema tu, "Tunakuja," akakata.

Yaliyofuata Tereza alinisimulia, na mengine niliyasikia kwa masikio yangu. Manyanda alilivalisha gari kila kitu: kanzu yangu, safu ya pili, na zile ngozi. Alimpandisha Tereza kiti cha mbele, akaingia njiani kati ya michongoma, polepole kuliko mtu anayetembea. Mwanzoni blanketi lilifanya kazi. Miiba ilishika, ikaachia. Katikati ya njia ikashika haikuachia. Blanketi lenye maji ni zito, na michongoma ina miiba inayotazama kila upande. Kanzu ikavutika nyuma, kamba zikakaza, pindo likaingia chini ya gurudumu. Gari likasimama.

Manyanda akajaribu kurudi nyuma, ikazidi kukaza. Akajaribu kufungua mlango, mlango ukagonga ua, ukafunguka upana wa kiganja. Upande wa Tereza vilevile. Vioo vikafunikwa na blanketi lililojikunja, ndani kukawa giza la kijivu. Wakakaa humo, mtu na mkewe, kwenye viti ambavyo bado vilikuwa na nailoni za dukani, mvua inapiga juu. Manyanda akazima injini ili afikiri.

"Nikivuta kwa nguvu, kanzu itachanika," akasema, "na miiba itafika kwenye rangi."

Tereza akashika simu yake mkononi.

Ndipo simu yake ilipolia. Nilikuwa mimi.

"Dada, mmefika wapi?"

"Tuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Kwenye michongoma."

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu Ilembo, wanawake wameshaanza kuingia na khanga mabegani. Nilitaka kumwambia vizuri, nikashindwa kupata maneno. Akanipa yeye.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, dada. Sasa hivi."

Hakulia. Hakukata simu pia, aliishusha tu mapajani, kwa hiyo nilisikia. Nilimsikia akisema, "Endesha."

"Mama Malale, blanketi limenasa, tukifanya haraka..."

"Mayu amekufa. Endesha."

Injini ikawaka. Kisha nikasikia kitambaa kinapasuka, kirefu, mshono baada ya mshono, na kila mshono niliujua. Baada ya hapo ikaja sauti ya miiba kwenye bati. Sijui niiseme vipi. Ilikuwa kama kucha nyingi zinakwangua sufuria, ikaendelea, ikaendelea, haikukatika mpaka barabarani. Na juu ya sauti hiyo nilimsikia Manyanda analia kama mtoto, na sikujua analilia kipi. Mpaka leo sijui.

Walifika jioni. Gari lilikuwa limechanwa pande zote mbili hadi nyeupe ya chini inaonekana, vipande vya blanketi vinaning'inia kwenye vioo vya pembeni. Jirani mmoja aliyekuja msibani akauliza, "Poleni, mmepinduka?"

"Hapana," Manyanda akasema. "Ni miba tu." Akaenda kukaa na wanaume, hakuligeukia tena.

Tulimbeba Tereza hadi ndani. Tulikuwa tumemvika mama vizuri, tumemfunga kidevu. Dada alikaa naye, akamshika mguu, akakaa hivyo mpaka asubuhi tulipokwenda kuzika.

Matanga yalipoisha Manyanda akaja mlangoni, kofia mkononi. "Mama Malale, twende. Ng'ombe wako peke yao na mtu wa watu."

Tereza alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha cherehani. "Mimi nabaki, baba Malale."

"Mpaka lini?"

"Hapa nikitaka kwenda kanisani, bajaji inakuja mpaka mlangoni. Imebonyea huku, imechubuka kule, kioo kimefungwa na waya. Inanipeleka, inanirudisha. Jana nimekwenda sokoni. Nimechagua nyanya mwenyewe."

"Lile gari nilikununulia wewe," Manyanda akasema.

"Najua. Ungejinunulia mwenyewe isingeniuma hivi."

Nilimwonea huruma, nakiri, na hasira yangu ilikuwa palepale. Vyote viwili vinakaa kwenye kifua kimoja, havigombani. Mwishowe Tereza akaniomba mimi niende naye Kasansa, nikamletee nguo zake na lile godoro lake la nyonga. Nikapanda kiti cha mbele. Tukavuka Sitalike, tukapita hifadhini, malori yanatupita yanaturushia kokoto, na Manyanda hakupunguza mwendo wala kusogea pembeni. Tukapita na Majimoto.

Tulipofika kwenye njia ya kwake, alifunga breki ghafla.

Njia ilikuwa wazi. Michongoma ilikuwa imekatwa pande zote mbili, imefyekwa na kusogezwa, mashina yamepunguzwa hadi chini ya goti. Lori lingepita na lingine likapishana nalo. Severini alikuwa mwishoni, panga mkononi, shati limelowa jasho, na pamoja naye watu wengi, Wapimbwe na Wasukuma, wanakusanya miiba kwa uma za miti na kuichoma.

Severini akaja dirishani. "Pole na msiba, jirani. Tulisikia mama wa huyu mama amefariki. Tukasema, mfiwa hawezi kurudi nyumbani kwa kupita kwenye miba. Tumemwambia mwenyekiti, amekubali, wote wametoka."

Manyanda alitoa kichwa dirishani. "Lakini ua... wazee... wewe ungekubali?"

"Kukubali nini? Michongoma ni yako, umeipanda mwenyewe. Ng'ombe zako sasa wamebaki wachache, wananisumbua nini? Mimi nilikuwa nakuona umekaa kimya, nikafikiri unaupenda ua wako." Akainama, akaangalia kiti cha nyuma. "Mama yuko wapi? Tulimfyekea yeye."

Nilingoja Manyanda ajibu. Watu wale wote walikuwa wamesimama na mapanga yao, wameinua shingo wamwone Tereza wampe pole.

"Amebaki kwao," Manyanda akasema.

Severini akarudi nyuma hatua moja, akatupisha. Tukapita katikati. Hakuna jani lililogusa gari.

Ndani nilikusanya nguo za dada, nikazifunga kwenye kitenge, nikakunja godoro. Manyanda alikuwa amekaa kitandani ananitazama nikitoa kitu kimoja kimoja. Nyumba ilikuwa inabaki tupu mbele ya macho yake.

"Theopista," akasema. "Nikienda kumwomba, atarudi?"

"Sijui. Kamuulize. Washa gari twende sasa hivi, utamkuta hajalala. Njia unayo, rangi hakuna tena ya kuiogopea. Twende."

Alisimama. Alikwenda mpaka mlangoni, akalitazama gari, akaitazama ile njia pana, akatazama juu ambako wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa ziwani. Nilishika mzigo wangu nikamngoja. Niliomba moyoni, kweli niliomba.

"Nitakwenda," akasema. "Ngoja kwanza mvua zikatike."

Nikatia mzigo kichwani nikatoka kwa miguu.